Timu ilikuwa bingwa mara mbili, mbona ilihama?

"Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira. Tumeshahama mara tatu, na sasa tunaishi Kenosha, jimbo la Wisconsin, Marekani, kando ya Ziwa Michigan. Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi kiwanda cha magari. Kila siku huvaa kofia moja iliyopauka ya Kenosha Twins, timu ya besiboli ya hapa ya zamani. Anasema ilichukua ubingwa mara mbili, ikakaa miaka tisa, ikaondoka. Zikaja nyingine, nazo zikaondoka, moja ilikaa kiangazi kimoja tu. Sasa mwanangu wa miaka 11 ameipenda timu iliyopo, Kingfish, hasikii la mtu. Na kanisani wametuomba tumpokee mchezaji mmoja akae kwetu hadi msimu uishe. Mzee ananiambia nisijisumbue, timu za hapa hazikai. Nauliza: timu bingwa inaondokaje? Watu wa hapa hawakuipenda? Na nimwache mtoto apende kitu ambacho kesho huenda hakipo?"

Dada yangu, asante kwa barua. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye ile kofia. Timu iliondoka mwaka 1992 na mtu bado anaivaa. Mzee huyo aliumia, na ushauri anaokupa unatoka pale alipoumia. Kwa hiyo nitakueleza kwanza kilichotokea, maana naona hata yeye huenda hakuelezwa vizuri, kisha turudi kwa mwanao na kwa mgeni mnayeombwa kumpokea.

Tuanze na jambo ambalo nadhani ndilo linalokuchanganya. Sisi tumelelewa na kandanda. Timu ikishinda ligi ya chini inapanda daraja, ikifungwa sana inashuka. Ukizoea hivyo, ukisikia bingwa kafungasha na kuhama unaona kama kiroja. Besiboli ya Marekani haina kupanda wala kushuka. Timu ya ligi ndogo inaweza kushinda kila mechi na mwaka ujao ikabaki palepale. Wanaopanda ni wachezaji, mmoja mmoja.

Kenosha Twins ilikuwa timu ya kulelea vijana wa Minnesota Twins, timu ya Ligi Kuu kutoka jimbo jirani. Ilihamia Kenosha mwaka 1984 ikitokea mji wa Wisconsin Rapids, ikacheza Ligi ya Midwest, mojawapo ya ligi ndogo, hadi 1992. Mzee hakudanganyi: ilikuwa bingwa 1985, ikawa bingwa tena 1987. Mwaka 1988 kocha wake alikuwa Ron Gardenhire, ambaye baadaye aliiongoza Minnesota yenyewe kwa miaka mingi. Mwaka 1989 alipita hapo Chuck Knoblauch, na miaka miwili tu baadaye kijana huyo alikuwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Amerika, moja ya matawi mawili ya Ligi Kuu, na bingwa wa World Series, yaani fainali ya Ligi Kuu. Mwaka huohuo wa 1989 alikuwapo pia mrushaji aitwaye Pat Mahomes. Mtajie mwanao jina hilo. Atakwambia papo hapo kwamba huyo ni baba yake Patrick Mahomes, nyota wa futiboli ya Kimarekani.

Fikiria sasa maana yake kwa mtu aliyekaa jukwaani. Kijana unayempenda akianza kuwaka, wakubwa wanapiga simu, na kesho yake hayupo. Knoblauch mwenyewe hakumaliza hata mwaka Kenosha, alipelekwa Visalia, California. Hiyo ndiyo kazi ya timu ya malezi: ikifanikiwa, inaondokewa. Watu wa Kenosha walilijua hilo na walilivumilia. Ambalo hawakulitazamia ni timu nzima kuondoka.

Ili uelewe iliwezekanaje, shika hili: timu kama ile ina wenyewe watatu. Wachezaji na makocha ni wa timu kubwa, ndiyo inayowalipa mishahara, inayowapandisha na kuwaacha. Nafasi ya kuwa na timu ndani ya ligi ni mali ya mfanyabiashara, na nafasi hiyo inauzwa na kuhamishwa kama mali nyingine yoyote, ligi ikiridhia. Uwanja, mara nyingi, ni wa manispaa. Mji, basi, una nyasi, taa na mabenchi, na una jina lake lililoandikwa kifuani mwa wachezaji. Siku mmiliki wa nafasi akipata mji unaomfaa zaidi, jina linafutwa na nyasi zinabaki. Kwetu pia si jambo geni kabisa. Tanzania timu imewahi kuuzwa, mashabiki wakasikia inacheza mkoa mwingine. Tofauti ni kwamba Marekani huo ndio utaratibu wenyewe.

Uwanja wa Kenosha unaitwa Simmons Field, na mwanao anaujua, maana Kingfish wanachezea hapohapo. Ulianza mwaka 1920 kwa ajili ya timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro cha Simmons. Umeona wachezaji wengi sana. Hata wanawake wa Kenosha Comets, moja ya timu nne zilizoanzisha ligi ya besiboli ya wanawake mwaka 1943, walimalizia miaka yao hapo kabla ya timu kuvunjika 1951. Ni uwanja wa kupendeza. Lakini mwishoni mwa 1990 Ligi Kuu na ligi ndogo zilitiliana saini mkataba mpya, na ndani yake kukawa na viwango vya viwanja: taa zenye nguvu kiasi gani, vyumba vya kubadilishia nguo vya ukubwa gani, mabafu, vyoo vya watazamaji, hali ya nyasi. Miji ikapewa miaka michache. Asiyefikisha viwango apoteze timu. Kwa uwanja wa kiwanda uliokuwa na umri wa miaka 70, hiyo ilikuwa bili ya mamilioni ya dola.

Na angalia bili hiyo ililetwa lini. Mzee wako anaweza kukueleza sehemu hii kuliko mimi. Januari 1988 kampuni ya Chrysler, iliyokuwa imenunua AMC, kampuni ya magari ya Kenosha, mwaka uliotangulia, ilitangaza kwamba itaacha kuunda magari Kenosha. Magari yalikuwa yakiundwa katika mji huo tangu 1902. Kazi 5,500 hivi zikaenda, katika mji wa watu 80,000. Gari la mwisho lilitoka Desemba 1988. Kiwanda cha kando ya ziwa, ambacho zamani kilikuwa cha magodoro ya Simmons, kilibomolewa. Leo ukipita bandarini ukaona makumbusho, bustani na tramu ndogo zikizunguka, unatembea juu ya sakafu aliyosimama mzee na wenzake. Miaka miwili baada ya msiba huo ndipo mji ukaambiwa utafute fedha za mabafu ya wachezaji.

Mimi ningekuwa diwani wa Kenosha wakati ule nisingepiga kura ya kukopa. Nalisema hilo kama mtu anayeipenda besiboli. Lakini sina budi kukueleza na upande wa pili. Mji wa Appleton, Wisconsin hiyohiyo, ulipata uwanja mpya mwaka 1995, na hadi leo una timu ya kulelea vijana wa timu ya Ligi Kuu. Beloit walihangaika na uwanja mdogo kwa miaka, wakakaribia kuipoteza timu zaidi ya mara moja, wakafungua mpya 2021. Wausau walikuwa wameshaondokewa kabla ya msimu wa 1991. Madison, mji mkuu wa jimbo, ulipoteza timu yake baada ya 1993. Kwa hiyo Kenosha haikuwa na laana yake peke yake. Upepo mmoja uliipiga miji yote, ikabaki iliyopata mahali pa kuchezea panapokubalika. Nafasi ya Kenosha ilikwenda Fort Wayne, Indiana, mji wenye watu zaidi ya mara mbili ya Kenosha, ambao uliwafungulia uwanja mpya mwaka 1993. Timu hiyo ipo mpaka leo kwa jina jingine.

Je, watu hawakuipenda? Watazamaji hawakuwa wengi, hilo nisikufiche. Ila kabla hujawahukumu, fikiria mambo mawili. La kwanza ni mahali. Chicago iko kilomita 100 hivi kusini yako, Milwaukee kilomita 65 hivi kaskazini. Mkazi wa Kenosha ana timu tatu za Ligi Kuu anazoweza kwenda kuziona na kurudi nyumbani kulala. Si rahisi kuuza tikiti ya vijana wasiojulikana mahali kama hapo.

La pili ni ziwa lenyewe, na hili nataka nilieleze taratibu kwa sababu wewe umekulia kando ya Tanganyika, ambako maji ni ya vuguvugu mwaka mzima. Ziwa Michigan haliko hivyo. Linapoa wakati wote wa baridi, na kwa kuwa maji mengi huchelewa kupata joto, mwezi wa nne na wa tano bado ni baridi la kuuma mkono. Nchi kavu inapata joto upesi. Mchana hewa ya joto inapanda, na hewa ya baridi iliyolala juu ya maji inaingia kujaza nafasi yake. Ndiyo maana watabiri wa huko husema kila siku "baridi zaidi karibu na ziwa". Simmons Field uko mitaa michache tu kutoka ufukweni. Unaingia uwanjani na fulana, jua linawaka. Ikifika zamu ya nne bendera inageuka, inaanza kuelekea magharibi, na ndani ya robo saa wazazi wote wanawafunga watoto blanketi. Mpira uliopigwa juu kuelekea mbali unasimama angani kama umeshikwa na mkono. Ligi ya Midwest ilianza msimu wake mwezi wa nne, shule zikiwa hazijafungwa. Mmiliki alianza kila mwaka kwa wiki nyingi za majukwaa yaliyo karibu kuwa matupu, na hasara ya wiki hizo hairudi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba walioipenda waliipenda kweli, na mapenzi yao hayakuwa ndiyo yanayoamua. Ningefurahi kama mzee angelisikia hilo. Nadhani miaka yote hii amekuwa akijiuliza kama angeongeza mechi kumi za kuhudhuria ingebaki.

Zilizofuata nitazipitia upesi. Kroakers walikuwapo 1994 hadi 1998, timu ya wanafunzi wa vyuo. Mammoths ndio wa kiangazi kimoja, 2003, katika Ligi ya Frontier. Hiyo ni ligi isiyo na timu kubwa nyuma yake, maana yake mmiliki analipa kila kitu, hadi mishahara ya wachezaji, kutoka mfukoni na kwenye tikiti. Njia hiyo ni ngumu kuliko zote. Na kama unadhani kuwa chini ya Ligi Kuu ni kinga, mwaka 2021 Ligi Kuu ilipunguza timu zake za malezi kutoka 160 hadi 120 kwa mkupuo mmoja. Miji 40 hivi ililala na timu ya namna hiyo ikaamka haina, mingine ikiwa imekuwa nayo kwa vizazi.

Sasa Kingfish. Hawa walianza 2014, baada ya Simmons Field kukarabatiwa, na wako Ligi ya Northwoods. Wachezaji ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Hawalipwi mshahara, wanakuja kucheza kila siku na kuzoea gongo la mbao, kwa sababu vyuoni wanatumia la chuma. Msimu unaanza mwishoni mwa mwezi wa tano na kwisha katikati ya mwezi wa nane. Weka hayo pamoja uone: hakuna mishahara ya wachezaji ya kulipa, hakuna timu kubwa inayoweza kuamka siku moja ikafuta mkataba, na ule upepo wa mwezi wa nne wamekwisha kuukwepa. Wameshakaa muda mrefu kuliko Twins, na 2015 wakachukua ubingwa wa ligi yao. Kwa maoni yangu mpango huu unaufaa mji wenu kuliko ule wa zamani. Ahadi kwamba watakuwapo milele sikupi, kwa kuwa hata hii ina mwenyewe na siku moja anaweza kuamua vingine. Ila mzee akisema timu za hapa hazikai, mwambie kwa heshima kwamba hii imekaa.

Kuhusu kumpokea mchezaji. Huo ni utaratibu wa kawaida wa ligi hiyo, si jambo la kukuogopesha: familia inatoa chumba, na chakula kwa jinsi mtakavyokubaliana. Msitegemee malipo. Wala usimpokee kwa kutumaini kwamba kesho atakuwa tajiri awakumbuke. Ligi hiyo imewahi kutoa warushaji nyota wa Ligi Kuu kama Max Scherzer na Chris Sale, lakini wengi wao wanamaliza chuo na kwenda kufanya kazi za kawaida kama watoto wetu. Wanarudi usiku sana, wanakula mno, wanafua kila siku. Watoto wenye wageni kama hao huwa wanafurahi sana.

Lakini usikubali kwa kuombwa kanisani tu. Kama nyumba ni ya kupanga, chukua mkataba wako uende kwa mwenye nyumba ana kwa ana, umuulize kama unaruhusiwa mtu wa ziada kwa miezi mitatu. Mikataba mingi ya huko ina kifungu cha idadi ya wakazi, na mgeni mmoja anaweza kukuletea barua ya kufukuzwa. Muulize wakala wako wa bima kuhusu nyumba na gari, na usimpe mgeni ufunguo wa gari kabla ya hapo. Kisha omba kukutana na mtu wa timu anayesimamia familia za wenyeji, mkae mezani. Muulize anawachunguza vipi vijana kabla ya kuwaleta, nani wa kumpigia saa nane za usiku, na itakuwaje mkishindwana. Jibu liwe kwenye karatasi. Akionekana kukereka na maswali ya mama mwenye watoto nyumbani, mshukuru na ukatae. Una haki hiyo, na hakuna dhambi.

Nimemwacha mwanao mwisho, kwa sababu naona ndiye uliyekuwa ukimuulizia tangu mwanzo. Umeandika "tumeshahama mara tatu" halafu ukapita haraka. Mtoto aliyehama mara tatu amejifunza mapema kwamba watu na mahali vinaondoka. Sasa unaogopa kumwongezea kingine. Naielewa hofu hiyo, na bado nakushauri umwache apende. Kumzuia hakutamwondolea maumivu, kutamfundisha tu kuficha. Linalosaidia ni kumwambia ukweli kabla. Siku ya kwanza mgeni anapoingia, mwonyesheni mtoto kalenda, wekeni alama kwenye tarehe ya kuondoka, mmwambie pia kwamba wengine huondoka mapema, hasa warushaji, kwa maana vyuo vyao huwawekea kikomo cha kurusha. Apange mwenyewe namna ya kuaga. Kuaga kwa heri ni kitu ambacho huenda safari zenu zile tatu hamkukipata.

Mtazame baada ya hapo. Kusononeka siku kadhaa, kuzungukazunguka chumba cha mgeni, kulala na fulana aliyoachiwa, hayo ni ya kawaida. Lakini akikosa usingizi wiki kwa wiki, akakataa chakula, akaanza kukojoa kitandani tena au kuzungumzia ya zamani yaliyowatisha, usisubiri apone mwenyewe na usitafute jibu kwa watu wa mbali kama mimi. Nenda shuleni, muone mshauri wa wanafunzi au daktari wa watoto, uombe mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza kinakulemea. Wanapaswa kukutafutia.

Na mzee. Kenosha ina kituo cha historia kilichopo kwenye kisiwa kidogo cha Simmons, pale bandarini, chenye habari za magari na za mji. Siku moja nendeni naye, achukue na kofia yake. Usimshawishi apende Kingfish. Kisha kikifika kiangazi, kata tikiti moja ya ziada kwa ajili yake, bebeni blanketi, na mkishakaa muulize tu zamani alikuwa anakaa upande gani, wa besi ya kwanza au wa tatu, umwache mtoto asikilize.